Dole Gumba

Wakili Nafula ana ofisi juu ya duka la mbolea,
ngazi ishirini na mbili. Nazijua
kwa sababu goti langu huzihesabu kabla yangu.
Faili langu ni la rangi ya waridi,
kama bitana ya gauni la bibi harusi wa Ahero
nililoliacha mezani bila mikono
wiki ile ya Koru.

"Tuanze na tiketi."
Tiketi ninayo. Ilifuliwa pamoja na sketi,
dada yangu Isdora akisugua damu, akaikuta mfukoni,
akaianika kwenye kamba, akaibana kwa kibanio
kama soksi ya mtoto mchanga.
Nakuru inasomeka.
Kisumu, lazima uwe unaijua ndipo uione.

"Eleza tena. Polepole."
Basi naeleza. Kulikuwa kunapambazuka,
harufu ya miwa ikaingia dirishani,
mama mmoja akafungua chupa ya chai
akanimiminia, akasema: kunywa, tumefika.
Sikuwahi kuinywa.
Behewa lililala ubavu,
taratibu kwanza, kama ng'ombe anayetafuta mahali,
kisha si taratibu.
Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika kikombe.
Dole gumba lilibaki Koru.

Daktari ameandika: ulemavu, asilimia kumi na tano.
Nimelala na hesabu hiyo usiku mwingi.
Themanini na tano iliyobaki
haitungi uzi kwenye sindano.
Januari ilipita, sare za shule zikashonwa na wengine,
nami nikikaa kando ya cherehani yangu Kibuye
naipaka mafuta
ili isije ikadhani imeachwa.

Wenye reli nao wameandika.
Barua ya adabu, ina nembo:
wanasikitika, ila hawakiri;
yamkini mdai alitoa mkono nje;
hata hivyo, kwa huruma tu, kuna kiasi hiki,
na hapa chini mstari wa sahihi
kwamba sitadai tena, mimi wala warithi wangu.
Huruma!
Deni likitaka kupita bila kuulizwa
huvaa kanzu ya sadaka.

Aliyeileta ni kijana mpole, viatu vipya,
vumbi la soko likimwonea.
Akaniona nahangaika na kalamu, akasema:
"Kama kuandika ni shida, mama,
weka tu dole gumba."
Akafungua kidau cha wino.

Sijui kama soko lilinyamaza au ni mimi.
Nikamwambia: hilo mnalo nyinyi.
Litafuteni kule relini,
na mkilipata, mlichovye wenyewe.

Wakili hakucheka. Aliliandika neno kwa neno,
kisha akauliza kama kuna jambo jingine.

Lipo. Kuna Chumo, muuza vitunguu,
aliyepandia Londiani, akalipa mkononi
noti ya mia mbili yenye pembe iliyoungwa kwa gundi ya karatasi.
Hakupewa tiketi. Leo miguu yote miwili iko kwenye plasta,
na kwenye orodha ya abiria
Chumo hakusafiri.
Nimeiona noti ile. Nilimwona aliyeitia mfukoni.

"Ukimtolea ushahidi," anasema wakili,
akikunja miwani, akikunjua,
"watachimba kila neno lako. Kesi yako itachelewa."

Feni inazunguka.
Chini, mtu anabishana bei ya gunia.
Nawaza karo ya mwanangu, kodi ya chumba,
nawaza yule mama wa chai, ambaye jina lake
nililisoma baadaye, kwenye karatasi ya mochari.

"Lete hicho kiapo," nasema.

Nimekuwa najifunza usiku, kwa daftari la mtoto,
mkono wa kushoto, ulimi nje.
Syprose Akeyo.
Inachukua muda. Wakili anangoja, hatazami saa.
Herufi ya kwanza imelala ubavu,
lakini jina lote limefika.